Sababu ya Safari: Kutembea

Kwa Kiswahili, mtu akibisha hodi kwako, ukamuuliza kulikoni, akajibu "nimekuja kutembea tu," maneno yameisha. Unamsogezea kiti, unamtuma mtoto alete maji. Humwambii atoe barua ya daktari. Kutembea ni sababu kamili, tena ni sababu yenye heshima, maana mgeni wa namna hiyo hakuja kukopa wala kudai deni. Amekuja kuona mlivyo. Ndivyo inavyosemwa Mombasa, ndivyo inavyosemwa kwetu Uvira.

Kuna mahali pamoja tu ninapopajua ambapo neno hilo halinunui hata kiberiti. Ni kwenye ile fomu ya pasi ya safari, ile tunayoiita muvumenti. Pale kwenye mstari wa sababu unaruhusiwa kuwa mgonjwa. Unaruhusiwa kuwa na mtihani, mahojiano ya ubalozi, biashara kama una karatasi zake, msiba kama umefiwa. Kuwa mtu mwenye hamu ya kuona mji, hapana. Nilikuwa kwenye foleni nikamsikia karani akimjibu kijana wa Kakuma 3 aliyezaliwa hapahapa kambini na hajawahi kupita Lodwar: "Kutembea si sababu. Andika kitu ya maana."

Naandika kulipinga jibu hilo. Sisemi karani ni mtu mbaya. Yeye hakutunga fomu. Nasema kutembea ni kitu ya maana.

Mama yangu amefika Nairobi mara tatu na hajawahi kuiona. Ana presha ya macho, ule ugonjwa unaokula kuona kwako taratibu kutoka pembeni kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi hata kwa dawa. Mara mbili za kwanza alipelekwa na kurudishwa kwa gari. Ukimuuliza Nairobi ikoje atakwambia kuna benchi refu, kuna sakafu inayoteleza, kuna baridi. Mara ya tatu nilipewa ruhusa ya kumsindikiza. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kwenda mji mkubwa wowote, na nina zaidi ya miaka 30.

Daktari alimaliza nasi siku ya pili kabla ya saa nne asubuhi. Pasi ilikuwa na siku tano mbele. Nikamwambia, mama, twende tukaone mji. Akakataa. Akaitoa ile karatasi kwenye kitambaa anachofungia pesa, akaniwekea kidole juu yake, ingawa hasomi: "Hapa wameandika hospitali. Askari akinikuta sokoni, nitamwambia macho yangu yanauma sokoni?" Akabaki kwenye chumba cha kulala wageni, dirisha lake likitazama ukuta, siku tano. Karatasi ilikubali macho yake yatibiwe. Haikukubali yatazame.

Mimi nilitoka. Pasi yangu ilisema Nairobi, na Nairobi si chumba. Wacha niwaeleze nilichokiona, maana ndicho tunachobishania.

Kwanza, Nairobi hawakuelekezi kwa jina la barabara. Wanakuambia shukia Odeon, vuka mpaka Archives, halafu uliza Kencom. Ukishajua hizo tatu huwezi kupotea sana. Gari lishike kwa namba, usilishike kwa rangi wala muziki: 46 ni ya Kawangware, 6 na 9 zinaenda Eastleigh, 125 na 126 ni za Rongai. Uliza nauli kabla hujakalia kiti, na mvua ikianza kudondoka uliza tena, kwa sababu nauli ya Nairobi inaota mvua ikinyesha kama majani. Mwenye Kiswahili cha Kivu kama changu atajulikana na makanga kwa neno la kwanza. Haidhuru. Atakucheka kidogo, atakuita "mkongo", kisha atakushusha pale ulipomwambia, na kama una mzigo atakushikia.

Kwa miguu ni bora zaidi. Pale Archives, jengo ambalo zamani lilikuwa benki, ghorofa ya chini imejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mwaka 1966: vinyago, nguo, vito, kutoka pande nyingi za Afrika. Mtu mmoja alizunguka bara hili akiokota vitu vizuri ili wengine waje wavitazame. Nje, ng'ambo ya mlango, kuna sanamu ya Tom Mboya. Ukipanda Barabara ya Kimathi kuna Dedan Kimathi mwenyewe wa shaba, bunduki mkono huu, sime mkono huu, na watu wamekaa chini yake wanakula njugu. Kwenye bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana kuna wahubiri, kuna wabishi wa siasa, kuna watu wamelala kwenye majani na viatu wamelalia wasiibiwe. Nilikaa pale saa nzima. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Jamani, saa nzima! Mnaoishi kambini mnajua uzito wa jambo hilo.

KICC ina ghorofa 28, ilimalizika mwaka 1973. Unalipa, unapanda, na juu kabisa upepo unakupiga. Nikaona vilima vya Ngong upande mmoja, na kusini ile mbuga ya wanyama inayoanzia pale nyumba zinapoishia. Kule Kakuma nimezoea kutazama juu: mabati, mawingu yasiyotoa mvua, ndege ya wakubwa inatua. Kutazama chini ni kitu kingine. Unaelewa mji una mwanzo na mwisho, na watu wameupanga, na kama watu wameupanga basi hata wewe ungeweza kupanga kitu.

Mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote ni pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, kwenye bustani ya kumbukumbu ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Kuna ukuta wa majina. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku ile na wameandikwa. Siku tano tu kabla, tarehe 2 Agosti 1998, vita ya pili ilianza kwetu Congo. Wafu wa vita ile mpaka leo watu wanabishania idadi yao, wengine wanasema hivi wengine vile, kwa mamilioni, kama magunia. Nilisoma majina ya Wakenya mpaka mwisho wa ukuta. Sikujua mji unaweza kufanya hivyo kwa watu wake. Huo ni ujuzi nilioupata kwa kutembea, na hakuna warsha ya kambini iliyowahi kunipa, na nimehudhuria warsha nyingi, vyeti vinajaza sanduku.

Sasa turudi kwenye hoja. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliukubali mwaka 1966, kifungu chake cha 26 kinasema mkimbizi aliyemo nchini kihalali apewe haki ya kuchagua mahali pa kuishi na kwenda huku na huku, chini ya masharti yaleyale wanayowekewa wageni wengine katika hali hiyo. Wageni wengine! Basi tuwatazame. Mgeni anayetoka Uholanzi anajaza fomu yake kwenye intaneti, na kwenye sababu ya safari anaweza kuchagua utalii. Utalii ni nini kama si kutembea? Neno lililokataliwa dirishani kwetu ndilo linalofunguliwa mlango uwanja wa ndege, tena na ua mkononi. Nataka mtu anieleze tofauti, isipokuwa pesa. Kama ni pesa waseme ni pesa.

Tena tofauti yenyewe haijulikani hata na wanaokata tiketi. Kwenye dirisha la jumba moja nilikuta bei tatu: ya raia, ya Mwana-Afrika Mashariki, ya mgeni wa mbali. Nikatoa kitambulisho changu cha ukimbizi. Dada wa tiketi akakigeuza mbele na nyuma, akamwita mwenzake. Mwenzake akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?" Congo. Akafikiri. "Si Congo iliingia Jumuiya mwaka 2022? Mpe ya katikati." Kwa bei ya tiketi, siku ile nilikuwa Mwana-Afrika Mashariki. Nimeitunza.

Ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika, ninyi mnaosoma jarida hili na wengi wenu ni marafiki zetu, msikasirike. Kila baada ya wiki kadhaa ninyi mnapewa likizo ya kupumzika, mnapanda ndege, mnaenda. Mkirudi mnatuonyesha kwenye simu picha za bahari na twiga. Sababu ya likizo hiyo tunaijua: kanuni zenu zinasema mtu hawezi kukaa sehemu ngumu kama hii mfululizo bila kuona kitu kingine, akili itachoka, kazi itaharibika. Ni sababu nzuri. Naomba muisome tena, halafu mhesabu nani amekaa hapa tangu 1992 kambi ilipofunguliwa.

Na wageni wenu mnaotuletea? Wanashuka kwenye gari jeupe, wanazungushwa: shule hii, kisima hiki, kikundi cha akina mama wanaoshona, duka la Mhabeshi, picha. Wanachungulia hata jikoni. Sisi ni kivutio. Sijawahi kumsikia mtu akiwaambia kutembea si sababu.

Wakali zaidi kwangu, lakini, hawakuwa wa dirishani. Ni majirani. Mama mmoja wa bloku yetu alinipasha: "Weye unataka kutembea Nairobi, na sisi huku atuna hata unga!" Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu mwaka 2025 mgao ulikatwa na sote tunajua sufuria zilivyolala. Lakini naikataa. Aliyetuzuia tusitoke ndiye aliyetufanya tungoje mgao. Mtu asiyejua soko la mji likoje, nauli ni shilingi ngapi, kitenge kinauzwa bei gani Eastleigh na nani anakinunua, huyo ataendelea kungoja unga hata ukirudi kujaa. Na hata kama kutembea hakungeleta senti moja, bado ningeitaka. Njaa haijawahi kumfanya mtu asitamani kuona. Tulikimbia vita, hatukukimbia macho yetu.

Wengine wanasema ukiwaruhusu watu kutembea watatoroka. Anayetaka kutoroka, bwana, haombi pasi ya kwenda kutazama sanamu. Anapanda basi usiku, na vizuizi vya barabarani ana namna yake ya kupita navyo. Fomu inamzuia mama yangu.

Na kuna jambo la Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaosema kambi zigeuke makazi ambamo sisi na wenyeji tutaishi pamoja kama mji. Vizuri. Nairobi yenyewe mwaka 1899 ilikuwa kambi ya wajenzi wa reli, mahema kwenye kinamasi. Ilikua kwa sababu reli ilikuwa inaingia na kutoka, na watu wakaingia na kutoka nayo. Hakuna aliyeujenga mji ule kwa kuwafungia watu wa mahemani ndani. Mnataka tuendeshe mji, tulipe kodi ya mji, tupange taka na maji ya mji, na nusu ya vijana wa hapa wanaijua taa ya barabarani kwa kuiona kwenye video. Wapelekeni. Darasa la nane lipande basi, Lodwar, Kainuk, Kapenguria ambako meno yatagongana kwa baridi, Kitale, Nakuru, washuke Odeon wakiwa wamevimba miguu, waulize nauli, wadanganywe kidogo, wajifunze.

Ombi langu si kubwa. Kwenye fomu kuna mstari. Uongezwe neno moja, na siku saba.

Mwezi ujao naijaza upya, ya mama. Daktari anasema pembeni kumeshaziba, katikati bado kunaona. Kwenye sababu nitaandika kutembea, kwa herufi kubwa, na karani akiuliza kutembea wapi nina orodha mfukoni: sanamu ya Kimathi, kwa sababu mama anapenda mwanaume aliyesimama wima, ukuta wa majina, nitamsomea, lifti ya KICC mpaka juu, na benchi ya Jeevanjee, saa nzima, bila kuulizwa.