Msafara Hauji kwa Wastani

Katika chuo kimoja cha ualimu, ambako baada ya kustaafu niliombwa kukaa kwenye bodi, kijana fundi wa kompyuta alituhakikishia kwamba mtambo wa kuhifadhi kumbukumbu unatosha. Alichukua maombi ya mwaka mzima, akayagawa kwa siku, kisha kwa saa. Wastani ukatoka mdogo, diski zikanunuliwa kwa kadiri hiyo. Ikafika siku ya mwisho ya maombi. Vijana wakamiminika, diski zikashindwa kusoma na kuandika kwa kasi iliyotakiwa, foleni ikarefuka mpaka muda ukaisha. Binti wa jirani yangu, mwenye alama nzuri kabisa, akapoteza mwaka. Fundi angali anashikilia kwamba wastani haukuzidi. Kweli haukuzidi, na hilo ndilo kosa lake.

(Lawama nyingine ni yetu walimu wa hisabati. Tulifundisha wastani, tukapiga kengele ya mapumziko.)

Sisi wa Tabora tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa hivyo. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji haikupita hapa kama maji ya bomba. Wapagazi wa Kinyamwezi walilima wakati wa mvua, wakashika njia kiangazi. Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, misafara ilikwama Unyanyembe, na Stanley akiwamo. Mfanyabiashara ambaye angejenga ghala kwa wastani wa mizigo ya mwaka angelaza pembe na vitambaa vyake uani.

Mafundi wana kisingizio. Mwaka 1909 Erlang, Mdenmark, alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasioagana huweza kukadiriwa vizuri. Ukizijumlisha nyingi, mabonde na vilima husawazishana. Lakini kazi ya kompyuta si simu za Erlang. Leland na wenzake huko Marekani walipima mtandao, na mwaka 1993 wakatangaza kwamba mikupuo haisawaziki: itazame kwa sekunde, kwa dakika au kwa saa, sura yake ni ile ile. Mwaka 1998 Gribble na wenzake wakakuta tabia hiyo katika mafaili yanayohifadhiwa.

Kuiga mikupuo hiyo si uchawi. Njia iliyochapishwa mwaka 2002 na Mengzhi Wang na wenzake ningeweza kuifundisha darasa la saba. Chukua muda wako na punje 1,000 za mahindi. Kata muda nusu kwa nusu. Nusu moja, kwa kura, ipe saba ya kumi, nyingine tatu ya kumi. Kila nusu ikate tena vivyo hivyo. Ukikata mara tatu, kipande kizito kina punje 343, ilhali wastani ni 125. Ukikata mara kumi, kizito kina 28, na wastani haufiki punje moja!

Wataniambia kununua kwa ajili ya siku moja ni ufujaji. Sijasema wanunue. Nimesema waujaribu mtambo kwa mikupuo kabla ya kuusifu, na wapange mikoa ipokelewe kwa zamu. Nilimwandikia kijana nikimwuliza mwombaji wa mwisho, siku ya mwisho, atasubiri dakika ngapi. Amenijibu kwa ukurasa mzima wa wastani. Maombi yatafunguliwa tena, na diski ni zile zile.