Jina Jema na Neno la Kweli

Juma hili twataka kuyatazama pamoja mashauri ya watu wawili, mkuu wa nchi na mshauri wake, tupate kujua hasara iingiayo mkuu anapolinda jina lake kuliko neno la kweli.

Tarehe 27 Mei 1964, Lyndon Johnson, Presidenti wa Marekani, alisema kwa simu na McGeorge Bundy, mshauri wake wa mambo ya usalama. Shauri lao lilikuwa vita ya Vietnam. Johnson alikiri kwamba usiku uliopita alikesha kwa kuifikiri. Alisema haoni kwamba vita ile yastahili kupiganwa, wala haoni njia ya kutoka. Akamtaja sajini aliyekuwa akimtumikia, baba wa watoto sita, akajiuliza: mtu kama huyu nimpeleke huko kwa faida gani? Bundy hakumpinga. Naye aliona kwamba mambo yamevurugika vibaya.

Siku ile ile Johnson alizungumza pia na Richard Russell, seneta na rafiki yake wa miaka mingi. Hapo akafunua hofu iliyomkaa moyoni: Presidenti akiikimbia vita, je, hatashtakiwa na kuondolewa kitini?

Tusifanye haraka kumhukumu. Mtu huyu hakuipenda vita. Mwezi wa Julai 1964 alitia sahihi sheria kubwa ya kukataza ubaguzi wa rangi, na alikuwa na nia ya kuwasaidia maskini na wazee. Aliogopa kwamba akionekana dhaifu mbele ya adui, wapinzani wake wangeivunja kazi hiyo njema. Tena uchaguzi ulikuwa karibu. Alipoomba kura aliwaambia watu kwamba hatawapeleka vijana wa Marekani mbali kufanya kazi ambayo vijana wa Asia wapaswa kuifanya wenyewe. Mwezi wa Novemba watu wakampa ushindi mkubwa.

Basi, Machi 1965 vikosi vya kwanza vya kupigana vilishuka Da Nang kulinda kiwanja cha ndege. Tarehe 6 Aprili wakapewa ruhusa ya kutoka na kushambulia. Bundy ndiye aliyetia sahihi waraka wa agizo hilo. Ndani yake iliandikwa kwamba habari isitangazwe mapema, na mambo yatendwe kwa namna ya kupunguza kila dalili ya kubadilika ghafula kwa siasa ya serikali. Angalieni, wasomaji: waraka mmoja uliigeuza vita, na waraka huo huo uliamuru ionekane kana kwamba hakuna kilichogeuka.

Tarehe 28 Julai 1965 Presidenti alitangaza kwamba askari wataongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000, lakini siasa ni ile ile. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamepita 180,000. Mwaka 1968 walikuwa zaidi ya 500,000.

Wahenga walisema: njia ya mwongo ni fupi. Wazazi waliambiwa kwamba vita yaendelea vema, huku wana wao wakirudishwa katika majeneza. Mwanzoni mwa 1968, wakati wa sikukuu ya Tet, adui alishambulia miji mingi kwa mara moja, na watu wengi wakaacha kuyaamini maneno ya serikali. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Waraka ule wa siri ulitokea gazetini mwaka 1971. Yeye alifariki mwaka 1973, na mazungumzo yake ya simu, yaliyonaswa kwa mashine, yakasikiwa na watu wote katika miaka ya 1990. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hiyo, na Wavietnam wengi kupita hao mara nyingi.

Twajifunza nini? Mkuu kuwa na shaka si aibu. Kukesha kwa ajili ya watoto sita wa sajini ni alama ya moyo wa kibaba. Kosa lilikuwa kumfunulia mshauri shaka hiyo, na kuwaficha wale waliopaswa kuilipa kwa damu yao. Swali la Presidenti lilikuwa swali la kila mama aliyekuwa na mwana askarini. Naye alikuwa na haki ya kulisikia mapema.

Nasi tulio wakuu wa nyumba, walimu na wazee wa vijiji, tujichungue. Mara ngapi twamwambia rafiki mmoja kweli, na jamaa nzima neno la kupendeza? Baba aliyeingia deni humwambia mwenzake wa kazi, walakini mke na watoto hupata habari siku mdai abishapo mlangoni. Siku hiyo deni si huzuni yao kubwa. Wanaumia zaidi kwa kuwa baba hakuwaamini. Afadhali tuwaite leo jioni, tuketi nao, tuwaambie.