Fildi isiishie wodini

Mwaka jana mwanafunzi wa afya aliyekuja fildi hapa Mkoani aliniletea baibui nilipunguze. Kibarazani palikuwa na mteja mwenye mimba ya miezi mitano, hajafika kliniki hata siku moja. Binti akamweleza taratibu: vidonge vya kuongeza damu humwekea mama akiba, asije akazidiwa akitokwa na damu siku ya kujifungua. Kesho yake yule mama akenda kliniki.

Basi nawaomba SUZA na vyuo vyengine: watumeni wanafunzi madrasani, vibarazani na kwa mafundi cherehani. Nasi tuwape kiti. Dini imetufaradhishia kutafuta elimu. Ikija yenyewe mlangoni, tusiifungie.