Kabla ya Kufunga Mizigo ya Safari ya Molokai



Kuhiji kumekuwa sehemu ya maisha ya familia zetu nyingi. Wenye uwezo huenda Nchi Takatifu, Roma, Lourdes na Fatima. Walio wengi zaidi hupanda basi kwenda Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Siku hizi limeanza kutajwa jina jingine, hasa na ndugu zetu waishio Marekani ya Kaskazini: Molokai, kisiwa cha Hawaii alikofia Mtakatifu Damiano. Wanauliza kama inafaa kwenda, na mtu ajiandae vipi. Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini safari hiyo ina utaratibu wake, na anayeanza na tiketi ameanzia mwisho.

Tukitazame kwanza kisiwa chenyewe. Urefu wake ni kilometa 61 hivi, na upana wake kilometa 16. Upande wa kaskazini nchi kavu hukatika ghafla kwa magenge yanayofikia kimo cha karibu mita 1,000 juu ya bahari, nayo huhesabiwa miongoni mwa magenge marefu kuliko yote ya pwani duniani. Chini yake imelala rasi ndogo iliyofanyizwa na volkano, iitwayo Kalaupapa. Mawimbi makali yameizunguka pande tatu, na ukuta wa mwamba umeufunga upande wa nne. Mtalii akiyaona hayo husema, ni uzuri ulioje! Na kweli ni uzuri. Lakini mwamba huo huo na bahari hiyo hiyo ndivyo vilivyofanya mahali hapo pachaguliwe kuwa kifungo cha watu ambao hawakutenda kosa lolote.

Mwaka 1865 ufalme wa Hawaii ulitunga sheria ya kuwatenga wenye ukoma. Tarehe 6 Januari 1866, siku ambayo Kanisa huadhimisha Tokeo la Bwana, wagonjwa 12 wa kwanza walishushwa Kalawao, upande wa mashariki wa rasi hiyo. Katika muda wa miaka zaidi ya 100 waliofuata njia hiyo walikuwa kama 8,000, wengi wao wazawa wa Hawaii. Mume alitengwa na mke, mama na mwanawe. Na watoto waliozaliwa huko huko waliondolewa mikononi mwa wazazi wao. Sheria hiyo ilikomeshwa mwaka 1969 tu, ingawa dawa za kuutibu ugonjwa zilikuwa zimekwisha kupatikana tangu miaka ya 1940.

Hapo ndipo alipofika Padre Damiano De Veuster, Mbelgiji wa Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, tarehe 10 Mei 1873. Angalieni jinsi safari yake ilivyopangwa. Mapadre wanne walijitolea kwenda kwa zamu, kila mmoja kwa muda mfupi, kisha arudi. Damiano alikuwa wa kwanza kwenda, akaomba asirudishwe. Alijenga nyumba, alishughulikia mabomba ya maji, alifunga vidonda, akatengeneza majeneza kwa mikono yake. Ukoma ulimpata, naye akafa tarehe 15 Aprili 1889 akiwa na umri wa miaka 49. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009, na mwaka 2012 akamtangaza pia Mama Marianne Cope, Mfransisko aliyefika Kalaupapa mwaka 1888 na kuwahudumia wagonjwa hadi kufa kwake mwaka 1918.

Ninyi walei, msidhani kwamba kazi ile ilikuwa ya mapadre na masista peke yao. Joseph Dutton, Mmarekani aliyewahi kuwa askari, alifika mwaka 1886 na kukaa miaka zaidi ya 40, wala hakuweka nadhiri za utawa. Ambrose Hutchison, mwenyewe mgonjwa, alifika mwaka 1879 na baadaye akawa msimamizi wa makazi yale. Ni vema tulikumbuke hilo la mwisho. Wagonjwa hawakuwa watu wa kuhurumiwa tu. Waliendesha maisha yao, walioana, walisali na kuimba.

Basi, kwa nini nasema anayeanza na tiketi ameanzia mwisho? Kwa sababu Kalaupapa ni makazi ya watu, tena ni kaburi kubwa. Tangu mwaka 1980 mahali hapo pamekuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa, lakini wagonjwa wa zamani walihakikishiwa kwamba wangeweza kuishi hapo hadi mwisho wa maisha yao. Kwa hiyo mgeni huhitaji kibali, naye huongozwa. Mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuingia. Mkazi hapigwi picha bila idhini yake. Njia ya miguu iliyoshuka gengeni kwa kona 26 ilifungwa baada ya maporomoko ya ardhi kuharibu daraja mwishoni mwa mwaka 2018, na mwaka 2020 wageni walizuiwa kabisa kwa sababu ya UVIKO-19. Yeyote anayekusudia kwenda na aulize kwanza masharti ya wakati huo, apate kibali, ndipo anunue tiketi ya ndege.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti hayo ni magumu mno. Mimi nayaona kuwa ni katekesi. Watu wale walichukuliwa bila kuulizwa, wakapelekwa wasikotaka kwenda. Je, ni jambo kubwa leo mgeni kubisha hodi na kungoja akaribishwe? Hodi ni desturi yetu sisi wenyewe. Hatuingii nyumba ya mtu kabla hajasema karibu. Anayekwenda kutafuta picha ya kuwaonyesha jirani atayaona masharti hayo kuwa mzigo. Anayekwenda kusali atayaona kuwa mwanzo wa sala yake.

Wengine huuliza kama gharama ya safari ndefu hivyo isingefaa kupewa maskini. Swali hilo si geni. Liliulizwa Bethania, siku Mariamu alipompaka Yesu marhamu ya thamani, na Bwana hakumlaumu yule mwanamke. Siwezi kuihukumu hija ya mtu. Lakini naomba kila mmoja ajiulize: je, huyu mwenye ukoma ninayetaka kumheshimu kaburini, nitampa mkono akiwa hai?

Maana ukoma bado upo kwetu. Kila mwaka hugunduliwa wagonjwa wapya Tanzania, na dawa hutolewa bure. Tangu Hansen, mganga wa Norway, alipokigundua kijidudu chake mwaka 1873, mwaka ule ule wa Damiano kufika Kalawao, tunajua kwamba si laana wala urithi wa ukoo. Watu walio wengi mno wana kinga ya asili dhidi yake, na aliyeanza dawa huacha kuwaambukiza wengine baada ya muda mfupi. Hata hivyo wapo wanaoficha baka lisilo na hisia kwa kuogopa majirani, hadi vidole vinapopinda. Gereza la Kalaupapa lilijengwa kwa bahari na mwamba. La kwetu tunalijenga kwa minong'ono.

Kwa hiyo, wapendwa, kwa mwenye nia ya kwenda Molokai napendekeza utaratibu huu. Kwanza, asome historia ya wagonjwa wenyewe kabla ya kutazama ramani. Pili, pamoja na jumuiya yake ndogo ndogo, amtembelee walau mara moja mtu aliyetengwa karibu nao, awe mwenye ukoma, mgonjwa wa akili, au mzee aliyeachwa peke yake. Tatu, aombe kibali na kutii masharti. Akifika, asisali kwenye kaburi la Damiano peke yake; avikumbuke pia vile vilivyo vingi visivyo na alama wala jina.

Na asiyekuwa na uwezo wa safari asihuzunike. Jumapili ya mwisho ya Januari ni Siku ya Ukoma Duniani. Aanze safari yake siku hiyo, kwa miguu, hadi mlango ambao watu wamezoea kuupita bila kubisha hodi.

Mtakatifu Damiano na Mtakatifu Marianne, mtuombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko