Usiitupie Thairoidi Kila Jasho

Kaskazi ikiingia hapa Tanga, maneno ni yaleyale. Huu ni mwaka wa saba naishi na tezi ya thairoidi inayosuasua, na tangu mwaka jana nilipoanza kulowa chapachapa nikiwa nimekaa tu chini ya feni, kila mtu ana sababu yake na dawa yake. Wanaoniambia ni dada zangu, majirani, hata muuza duka la dawa. Najua wananitakia heri. Lakini baadhi ya wanayosema yanaweza kumfikisha mtu pabaya, kwa hiyo nitayajibu.

La kwanza ndilo linalorudiwa zaidi: "Una thairoidi, lazima utoke jasho. Zoea." Hapa mambo yamepinduliwa. Tezi hii, iliyo mbele ya shingo chini ya kongomeo, hutoa homoni zinazoamua mwili ufanye kazi na kuzalisha joto kwa kasi gani. Ikisuasua, mwili wote hupoa: ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, mtu anajifunika shuka wakati wenzake wanajipepea. Inayomtoa mtu jasho, ikamtetemesha mikono na kumkondesha, ni tezi iliyozidisha kazi. Basi mwenye tezi inayosuasua akianza kuvuja jasho, la kuuliza ni kitu gani kimebadilika.

Huenda ni dozi; nitaifikia. Huenda ni ugonjwa wenyewe ukiwa bado mbichi. Katika ugonjwa wa Hashimoto, ulioitwa kwa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912, kinga ya mwili huishambulia tezi, na pengine tezi inayobomoka humwaga ovyo homoni ilizoweka akiba. Kwa muda mgonjwa huonekana kama mwenye tezi iliyozidi, kisha anashuka. Wako wanawake wanaopitia hali inayofanana na hiyo miezi michache baada ya kujifungua, na jasho lao likasingiziwa uchovu wa kulea.

Na huenda jasho halihusiani na tezi hata kidogo. Hapa ndipo neno "zoea" linaponiuma. Maradhi ya thairoidi huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na wengi hugunduliwa katika umri uleule hedhi inapokaribia kukoma. Joto linalopanda ghafla kifuani hadi usoni, likakaa dakika chache na kuacha jasho na kibaridi, mara nyingi ni la kukoma hedhi, nalo lina matibabu. Mwenye kisukari anayetumia insulini akitoka jasho la baridi huku anatetemeka, yawezekana sukari imeshuka. Anahitaji kitu kitamu dakika hiyohiyo. Baadhi ya dawa za sonona hutoa jasho. Wapo pia waliotoka jasho viganjani, nyayoni na makwapani tangu ujana, pande zote mbili sawa, na likakatika wakilala. Hilo ni tatizo linalojitegemea.

Kisha kuna jasho la usiku linalolowesha shuka, likifuatana na kikohozi, homa na kukonda. Hayo manne ndiyo maswali ya mwanzo anayoulizwa mtu anayechunguzwa kifua kikuu. Aliyekwisha kuambiwa na jirani kwamba jasho lake ni la thairoidi hatakwenda kuulizwa. Atabaki nyumbani akikohoa kando ya watoto.

La pili: "Dawa ndiyo inayokutoa jasho. Iache, au ikate nusu." Lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu naliogopa kuliko yote. Levothairoksini, dawa tunayomeza kufidia homoni za tezi, ikizidi, mwili unakuwa kama wa mtu ambaye tezi yake imezidi: jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukimbia. Ikizidi kwa miaka, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na mifupa kudhoofika, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Kwa hiyo malalamiko ni ya haki. Kosa ni kujipangia dozi mwenyewe.

Mimi yalinikuta haya. Kwa miaka miwili nilimeza kidonge changu alfajiri kwa chai ya maziwa, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kinachopita mdomoni mwangu tangu utoto. Sikujua kwamba maziwa na kahawa huzuia dawa hii isiingie mwilini vizuri. Kipimo cha TSH, ambacho hupanda homoni za tezi zisipotosha, kikawa kinarudi juu, nami nikawa naongezewa dozi: mikrogramu 75, 100, hadi 125. Siku moja nikaisoma ile karatasi ndani ya pakiti. Nikaanza kumeza kwa maji matupu, saa nzima kabla ya kula, na dawa iliyokuwa ikipotea njiani sasa ikaingia vizuri. Wiki chache baadaye nililala chumba kimoja na mama, akaniuliza mbona mto wangu umelowa. TSH ilikuwa imeshuka chini ya 0.1, wakati kawaida ya maabara nyingi ni kati ya 0.4 na 4 hivi. Nilirudishwa 100. Mtu mzima ambaye tezi yake haitoi kitu huhitaji takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, nami nina kilo 62, hesabu inaafiki.

Ningeikata nusu mwenyewe, nisingejua chochote. Dawa hii huchukua kama siku saba kupungua nusu damuni, hivyo anayeiacha siku mbili akasema "nimeona nafuu" hajapima kitu. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali na kidonge hiki kwa saa nne. Anayemeza biotini kwa ajili ya nywele amwambie daktari kabla ya kupimwa, maana huweza kuharibu majibu. Kwa wanaofunga Ramadhani, wengi humeza wakati wa kulala, tumbo likiwa limekaa saa tatu bila chakula. Daktari wako atasema kama inakufaa. Na mjamzito ndiye hasa asiyepaswa kuiacha, kwani mahitaji yake mara nyingi hupanda.

Anayedhani dawa hii ni ya hiari akumbuke wagonjwa walivyokuwa kabla yake: walivimba, wakapoa, wakafa. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alianza kumdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi.

La tatu: "Jasho linatoa sumu, jifukize upone." Jasho ni maji na chumvi; kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo. Mtu ambaye moyo wake tayari unakwenda mbio kwa dozi iliyozidi, ukimfunika blanketi juu ya sufuria la mvuke unamwongezea mzigo. Wanaosema upunguze maji ili jasho likauke nao wanakupeleka kwenye kizunguzungu. Kunywa.

Jipya ni la mwani. Sasa unauzwa kama jeli na vidonge vya "kuamsha thairoidi". Nawaheshimu akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaoulima mwani ndani ya maji ya chumvi. Mwingi husafirishwa nje kutengenezea kiungo cha kuzidishia uzito wa vyakula na dawa za meno. Lakini tezi iliyoharibiwa na kinga ya mwili haiponi kwa kuongezewa iodini iliyomo katika mwani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na chumvi iliyotiwa madini joto husaidia sana kuzifikisha. Kiasi cha iodini katika mwani hutofautiana mno, na ikizidi huweza kuizimisha zaidi tezi dhaifu, au kwa baadhi ya watu kuichochea kupita kiasi, likaja jasho lilelile ulilokuwa unalikimbia.

La mwisho huwa halisemwi usoni: kwamba ni uchafu. Mama mmoja aliniambia anaoga mara nne kwa siku na bado anakaa nyuma kabisa msikitini. Jasho bichi karibu halina harufu. Harufu huja bakteria wa ngozini wanapolichakachua. Na manukato ya kwapa hufunika harufu tu. Kinachopunguza jasho ni dawa yenye chumvi za alumini, na namna ya kuipaka ndiyo wengi wanaikosea. Hupakwa usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, ikaoshwa asubuhi. Ukipaka baada ya kuoga, ngozi bado mbichi, itakuwasha na haitafanya kazi. Isipotosha, daktari wa ngozi ana njia nyingine, vikiwemo vidonge. Ila vidonge hivyo hukausha mwili mzima, na katika fukuto la pwani mtu anaweza kupandwa na joto asiweze kupoa, kwa hiyo visinunuliwe kiholela.

Mwezi uliopita, kwenye arusi ya binamu yangu, nilivaa gauni la kijivu, rangi inayoonyesha kila tone. Makwapa yalikuwa makavu. Usoni nilitoka jasho kama kila mtu, maana ilikuwa Januari na ukumbi ulikuwa na feni mbili.