Dereva wa Teksi Asiachiwe Gharama ya Gonjwa Lijalo

Na Rehema Kazungu

Saa kumi na moja jioni ndipo dereva wa teksi jijini Nairobi huanza kujitafutia chake. Pesa za asubuhi na mchana zimekwenda kwenye mafuta na hesabu ya mwenye gari. Cha kupeleka nyumbani hutoka kwa wanaotoka kazini, kwa wanaokwenda mikahawani na baa, na baadaye usiku, matatu zinapopungua barabarani, kwa abiria wanaoshuka kwenye ndege na mizigo yao uwanjani Jomo Kenyatta.

Machi 2020 saa hizo zilipotea ndani ya wiki mbili. Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 Machi 13. Baa zikafungwa. Ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa Machi 25, na siku mbili baadaye ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungiwa, asiingie mtu wala kutoka, na ikabaki hivyo hadi Julai 7. Ndege za kimataifa zilirejea Agosti 1. Kafyu nayo, iliyosogezwa saa zake mara kwa mara, ilidumu hadi Oktoba 20, 2021.

Hatua hizo zilikuwa na sababu. Gari ni chumba kidogo, na anayekaa ndani yake kutwa nzima akibadilisha abiria yumo hatarini kuliko wengi. Takwimu rasmi za England na Wales zilionyesha kuwa hadi Desemba 28, 2020 madereva wanaume wa teksi 209 wenye umri wa miaka 20 hadi 64 walikuwa wamekufa kwa Covid-19. Hicho ni kiwango cha vifo 101.4 kwa kila madereva 100,000, ilhali kwa wanaume wote wa umri huo kilikuwa 31.4. Walioshika usukani walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya kile cha jumla.

Tahadhari zilijulikana mapema: barakoa, kitakasa mikono, abiria akae nyuma, madirisha yawe wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walitumia kompyuta mwaka 2020 kupima jinsi hewa inavyopita ndani ya gari linalotembea. Waligundua kwamba kufunga madirisha yote ndiyo hali mbaya zaidi na kuyafungua yote ndiyo bora. Kama ni mawili tu yanayoweza kufunguliwa, afadhali yawe yale yaliyo mbali na dereva na abiria, ili hewa ikate katikati yao.

Ushauri huo ni mzuri, lakini Aprili ni mwezi wa mvua za masika Nairobi. Dereva akifungua madirisha, kiti kinalowa na abiria analalamika; akiyafunga, wote wawili wanavuta hewa ileile mpaka mwisho wa safari. Abiria aliyekasirika humpunguzia nyota kwenye programu ya teksi katika simu, na nyota zikishuka sana dereva anaweza kufungiwa kazi. Asiyetaka kuvaa barakoa naye ni mtihani. Kumkatalia ni kupoteza safari pamoja na mafuta yaliyochomwa kumfuata. Nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyuma ya kiti cha dereva, chupa ya kitakasa mikono mlangoni, kitambaa cha kupangusia vishikio baada ya kila mteja: vyote hivyo ni gharama, na aliyeibeba mara nyingi alikuwa dereva mwenyewe, siku ambazo safari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Serikali ilitoa nafuu, na ilikuwa nafuu ya kweli kwa waliofikiwa. Wafanyakazi wenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato. Mabenki yaliruhusiwa kuwalegezea masharti wakopaji walioathirika. Sasa mfikirie anayeendesha gari la mtu kwa makubaliano ya mdomo. Hana hati ya mshahara, kwa hiyo hana kodi ya kusamehewa. Mkopo wa gari una jina la mwenye gari, kwa hiyo aliyeongezewa muda benki ni mwenye gari, na hesabu ya wiki ikabaki suala la huruma yake. Nafuu ilipitia kwenye karatasi ambazo dereva hakuwa nazo.

Hata bei ya mafuta ilimwendea kombo. Katikati ya Mei 2020, abiria wakiwa wamejifungia majumbani, lita ya petroli Nairobi iliuzwa Sh83.33. Kufikia Septemba 2021, watu wakirejea barabarani na kafyu ikikaribia kuondolewa, ilikuwa Sh134.72.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kwa dereva anayehisi homa. Akisema anaumwa, gari linapewa mwingine na huenda asilipate tena. Kampuni ya teksi za mtandao ya Uber ilitangaza mwaka 2020 msaada wa fedha wa hadi siku 14 kwa dereva aliyethibitishwa kuugua au kuamriwa kujitenga, lakini uthibitisho ulihitaji kipimo, na kipimo katika hospitali za kibinafsi kiligharimu maelfu ya shilingi. Mtu aliyebanwa hivyo hujikaza akaendesha, na hapo abiria pia wanaingia hatarini.

Singapore ilionyesha kwamba inawezekana kumfikia dereva moja kwa moja. Februari 2020, kabla hali haijawa mbaya duniani kote, serikali ya huko na kampuni za teksi zilichanga dola milioni 77 za Singapore. Kila gari lilitengewa hadi dola 20 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu, na fedha zilipitia kwa kampuni ambazo tayari zilijua nani anaendesha gari gani.

Kampuni za teksi za mtandao nchini Kenya zinajua hayo pia: jina la dereva, namba ya gari, kila safari na kila shilingi. Tangu 2022 kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) zinazitaka ziwe na leseni, na zinazikataza kutoza kamisheni inayozidi asilimia 18 ya nauli. Kilichokosekana ni bima ya siku za ugonjwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya hazina ya bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, inalipia matibabu. Hailipi siku ambazo dereva amelala nyumbani asiambukize wengine.

NTSA iweke sharti la bima hiyo kwenye leseni. Kampuni itenge sehemu ya kamisheni yake katika mfuko wa ugonjwa, mwenye gari achangie kidogo, na serikali iongeze fungu lake mlipuko unapotangazwa. Fedha zitumwe kwenye simu ya dereva mara tu kituo cha afya kinapomwandikia apumzike, na mwenye gari azuiwe kumpokonya gari kwa siku hizo. Gharama za barakoa na kitakasa mikono ziwe za kampuni. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati magari yana abiria na mfuko una pa kupatia fedha.