Difolta ni Nani?

Kuna neno ambalo kliniki zetu zinalipenda sana: difolta. Ukikosa tarehe yako, wewe ni difolta. Dawa ikiisha kabla ya siku ya kurudi na mtoto akae wiki bila, wewe ni difolta, na faili linabeba jina hilo hadi mtoto awe mtu mzima. Ni lugha ya benki hii, ya mtu aliyekopa akakataa kulipa. Sasa mimi nauliza: mama wa mtoto mwenye kifafa na mtindio wa ubongo, amemkopa nani?

Hebu tuiangalie kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoisema hawajawahi kuifanya. Tuseme daktari ameandika sodiamu valproeti ya maji, ile yenye miligramu 200 katika kila mililita 5. Mtoto apewe miligramu 100 asubuhi na 100 jioni. Hiyo ni mililita mbili na nusu kila mara. Nyumbani kuna kifaa gani cha kupima mililita mbili na nusu? Kijiko. Na vijiko vya chai si ndugu, kimoja kinabeba mililita 3, kingine karibu 7. Kwa hivyo ukimwambia mama “nusu kijiko”, hujamwambia kitu. Umemwachia abahatishe kwa dawa ya ubongo, saa kumi na moja asubuhi, taa ya simu ikiwa mdomoni kwa sababu stima imepotea, na mtoto anarusha kichwa huku na huku.

Halafu kuna hesabu ya chupa. Chupa ni ya mililita 100. Mtoto anatumia 5 kwa siku. Zinaenda siku 20. Tarehe ya kliniki ni baada ya siku 30. Si lazima uwe umesoma hesabu kujua kwamba kuna siku kumi hapo ambazo hospitali yenyewe imezipanga zikose dawa. Na hiyo ni ukichukulia hakuna tone lililotemwa, na mtoto ana uzani ule ule. Lakini watoto hukua. Dozi hupimwa kwa kilo, na mtoto akiongeza kilo tano kabla mtu hajampima upya, kile kipimo cha zamani kinabaki kidogo. Mshtuko ukirudi, swali la kwanza ni kwa mama: umempa dawa kweli?

Dawa ya maji ikikosekana (na hukosekana) anapewa tembe. Anakata kwa wembe juu ya sahani, robo hii kubwa, robo ile unga. Zipo tembe zilizotengenezwa zitoe dawa polepole mwilini, na hizo hazifai kusagwa. Nani alimwambia? Bahasha ya dawa imeandikwa 1x2, na siku nyingine ni herufi tu, BD ama TDS. Mimi nilifika chuo kikuu hadi mwaka wa pili kabla karo haijanishinda, na siku ya kwanza kuona TDS nilidhani ni jina la kampuni. Tunaandika maagizo ya dawa kwa vifupi vya Kilatini, tunawapa watu wa Kayole, kisha tunawakasirikia kwa kutoelewa.

Dada yangu anaishi maisha haya na mpwa wangu wa miaka sita. Mwaka juzi dawa ilikosekana kwenye hospitali ya umma anayoenda, na dirishani akaambiwa, “Mama, kanunue nje.” Alipata pesa ya nusu dozi, akaigawanya ifike mwisho wa mwezi. Mtoto akaanguka usiku, mshtuko ukapita dakika kumi, na ukipita dakika tano tu hiyo tayari ni dharura. Walipofika kwa pikipiki, sista wa zamu alimwangalia akauliza, “Kwani wewe unacheza na dawa za mtoto?” Mbele ya watu. Yule yule aliyetumwa akanunue nje.

Jambo lenyewe si mchezo: dawa za kifafa zikikatwa ghafla, mshtuko unaweza kurudi kwa nguvu na ukakataa kuisha. Kila daktari anajua. Basi mwaka 2024, madaktari walipogoma kuanzia Machi hadi Mei, siku 56, kliniki zikafungwa na watu wakarudishwa getini, nani aliandikwa difolta? Siwalaumu madaktari, walikuwa wanadai haki yao, na serikali ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya makubaliano iliyoyatia sahihi. Lakini sikuona faili la wizara likigongwa muhuri. Difolta huwa ni yule tu asiye na kalamu.

Tangu Oktoba 2024 tuko SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hapungukiwi na shilingi 300 kwa mwezi. Tuliambiwa kuna hadi mfuko maalum wa dharura na magonjwa sugu. Kifafa ni ugonjwa sugu ama ni nini? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana. Cha juu zaidi. Watu wanaouza samaki wa kukaanga hawaombi cha juu zaidi, wanaomba chupa mbili badala ya moja.

Najua utaniambia wazembe wapo. Wapo, kama walivyo kila mahali. Wapo pia wanaoacha dawa kwa sababu mhubiri amesema ni pepo. Lakini keti na hao walioacha uwasikilize. Wengi watakwambia mtoto alikuwa analala mchana kutwa, ama fenobabitoni ilimfanya asitulie hata kula. Hayo ni madhara yanayojulikana, na dawa hiyo ina zaidi ya miaka 100. Mama aliyaona, akayasema, akajibiwa “endelea tu.” Dada yangu ana daftari la shule ambamo anaandika kila mshtuko: saa, muda, mkono upi ulianza. Huo ni ushahidi ambao daktari asingeupata kwingine. Katika miaka minne, mtu mmoja tu ameomba kuliona, na alikuwa mwanafunzi wa udaktari.

Na hii sifa ya “mama shujaa” nayo tuiweke chini. Eti Mungu humpa mtoto wa hivi anayemweza. Ukishamwita mtu shujaa, huna haja ya kumsaidia. Baba wa mpwa wangu yuko, ana simu, ana nambari ya M-Pesa, na mwezi wa nne huu hajatuma hata ya nauli. Hakuna faili lolote nchini linalomwita yeye difolta.

Kinachodaiwa si kikubwa. Sirinji isiyo na sindano, yenye alama, itoke dirishani pamoja na chupa. Bei yake ni ya andazi na chai. Kipimo kiandikwe kwa mililita, kwa Kiswahili, na mhudumu amwone mama akipima mara moja kabla hajaondoka. Mtoto apimwe uzani kila ziara na dozi ihesabiwe upya hapo hapo. Tarehe ya kurudi iwekwe kabla chupa haijaisha. Dawa ikikosekana, hospitali iandike kwenye faili lile lile, kwa kalamu ile ile, kwamba ni yenyewe iliyokosa, siku ngapi, na nani alitia sahihi.